Usaili wa Bwana Kutu

Jana nililala nikaota adui ameacha kazi.

Si adui yangu, ni adui wa sinema: Bwana Kutu, yule wa kwenye vitabu vya katuni, ambaye akigusa chuma kinageuka unga mwekundu. Kazi yangu ni kutafsiri sinema katika banda la video hapa Korogwe. Nakaa kando ya runinga na maikrofoni, picha inasema Kizungu, mimi nawasemea wote kwa Kiswahili: stelingi, mchumba wake, polisi, hata mbwa. Kwa hiyo sikushangaa spika ya banda iliponigeukia na kusema, "Bwana Kutu kahamia kwenye tangazo la sabuni. Picha inaanza sasa hivi. Tafuta mwingine."

"Mimi mtafsiri tu," nikasema.

"Nani anamjua adui kuliko wewe? Umemsemea mwaka mzima."

Hilo lilikuwa kweli. Nikakaa mezani. Banda sasa ni ofisi ya kata, ina benchi la wanaosubiri, na kiti changu cha plastiki ndicho kinachoongoza kamati.

Wa kwanza kuingia ni mbuzi. Ana macho makavu ya kutosha. Anaambiwa acheke kicheko cha adui. Analia kidogo, halafu anakula pazia.

"Ukatili anao," kinasema kiti, "ila hana mpango."

Mbuzi anashukuru, anatoka.

Wa pili ni mita ya umeme. Inakaa kwa adabu, taa yake nyekundu ikiwaka na kuzima. Kiti kinaiuliza uzoefu wake.

"Niliwahi kuleta giza katikati ya harusi," inajibu, bila majivuno. "Bibi harusi alikuwa ndiyo kwanza anaingia ukumbini."

Naguswa sana. Nasema huyu anafaa, tusipoteze muda. Lakini spika inatukumbusha kwamba Bwana Kutu hugusa, na mita haina mikono.

Wa tatu ni mwalimu wangu wa hesabu wa darasa la sita, au tuseme fimbo yake, maana mwenyewe hakuja. Fimbo inasema siku hizi imestaafu, inaegemeza mgomba usianguke, na moyo umelainika.

"Basi aitwe mwenye sauti," kinasema kiti.

Hapo nikamjua anayeitwa. Sauti ninayompa Bwana Kutu si yangu. Ni ya Baba mdogo Shemhilu, aliyenilea: ile nzito ya chini chini, kila neno likitanguliwa na kikohozi na "Sikiliza, kijana." Siku aliponiambia kwamba kutafsiri sinema si kazi, ni kubweka gizani, nilikwenda nikampa adui sauti yake, na watu wakaipenda. Tangu Idi mosi hatusalimiani. Tukikutana sokoni, yeye anachagua nyanya, mimi nachagua njia nyingine.

"Lakini Bwana Kutu anakufa mwishoni," nikasema.

"Stelingi hafi, adui haponi," ikasema spika. "Kanuni hiyo tumeikuta."

"Anakufa kisinema tu."

"Anaangukiwa na daraja. Daraja lenyewe limeshafika, liko nje."

Nikachungulia. Kweli, daraja limekaa kwenye benchi, limekunja miguu, linasubiri zamu yake.

Baba mdogo anaingia. Amevaa koti lake la shughuli na kofia ya kushonwa kwa mkono, na kanyoa ndevu. Anaonekana amefurahi, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nimesikia mmeniita," anaiambia kamati. Mimi hanitazami. "Miaka yote hii sijaitwa hata siku moja kwenye kazi zake."

Anaambiwa aonyeshe. Anakohoa. "Sikiliza, kijana," anasema, na misumari yote ya ofisi inamwagika chini, unga mwekundu. Kamati inashangilia. Mita ya umeme nayo inawasha taa mara kadhaa kumpongeza, haina kinyongo.

Ofisi imekuwa jikoni kwa Baba mdogo, chungu kiko mekoni. Nje daraja linapiga hodi.

"Karibu," anaitika Baba mdogo, maana yeye hodi haimpiti.

"Ana kasoro yoyote?" kiti kinaniuliza. "Sema sasa."

Nikatafuta kasoro. Nikasema ni mkaidi, kamati ikatabasamu. Nikasema ana maneno makali; wakatazamana kwa furaha. Nikasema tangu azaliwe hajawahi kuomba radhi, nikaona kabisa kwamba namzidishia sifa.

"Hakuna kinachomwondoa mtu kwenye uadui?" nikauliza.

"Kipo," ikasema spika. "Adui haamkiwi. Tangu sinema zianze hakuna aliyempa shikamoo. Akiamkiwa, si adui tena, ni mzee wa watu."

Njia ilikuwa wazi, na bado nikasita. Yeye ndiye aliyeanza. Mdogo akimwamkia mkubwa waliyenuniana naye, mtaa mzima unajua nani kasalimu amri. Nilikuwa bado naupima ukubwa wa aibu hiyo wakati daraja lilipoinama ili lipite mlangoni, na vumbi la zege likaanza kumdondokea Baba mdogo kwenye kofia. Alilipangusa kwa mkono, akalisogezea daraja kigoda likae. Nikampenda yule mzee ghafla, kwa kikohozi chake na yote, na nikaogopa kama mtoto.

"Shikamoo, Baba mdogo."

Daraja likasimama lilipo. Baba mdogo akanigeukia taratibu, akakohoa, akafungua mdomo.

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Mke wangu, Mwanaidi, alikuwa amesimama mlangoni na simu, mikono ina unga wa maandazi.

"Baba mdogo huyu," akasema. "Kapiga mwenyewe. Namwuliza kuna nini, hasemi. Eti kuna neno lake moja hajakupa, umeondoka haraka."

Nikaweka simu sikioni. Kwanza nikasikia kikohozi.

"Marahaba, mwanangu," akasema Baba mdogo.