Safu ya Kumi na Tisa, Kushoto

Miaka kumi na moja Dirisha aliwakatia watu tiketi za ndege, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda hata moja. Jina hilo alipewa na wenzake ofisini, maana kila mteja aliyeketi mbele yake aliulizwa kiti anachotaka, "Dirisha au njia?" kabla hata ya kujibiwa salamu.

Ila kwa viti alikuwa bingwa. Anayetaka kuona mlima, aende na ndege ya asubuhi, akae kushoto, safu ya kumi na tisa. Mbele ya hapo utatazama bawa mpaka ulichoke. Kulia jua linakupiga machoni. Ndege ya mchana, usijisumbue, mlima umeshajifunika shuka. Yote hayo aliyajua kwa midomo ya wateja.

Hatimaye ofisi ikampeleka semina, kwenda kwa ndege ya asubuhi, kurudi siku ya pili kwa ya mchana. Baba yake aliposikia alikaa wima kitandani. Mzee alikuwa ameendesha lori miaka thelathini chini ya mlima ule ule, na kilele hakukiona hata siku moja. "Mawingu, mwanangu," ndiyo hadithi yake. Sasa macho yalikuwa yanamuaga, haoni vizuri tena. "Wanasema juu kuna shimo. Niangalizie. Usije ukaniletea ya kusikia."

Kiti akakipata. Tatizo, mwenzake wa zamu aliugua, kwa hiyo wiki nzima Dirisha alikaa mezani kwa zamu za watu wawili, miguu imevimba kama mikate. Alifunga mkanda, akaegemeza shavu kwenye kioo, akasema apumzishe macho kidogo tu.

Magurudumu ndiyo yaliyomwamsha, yakigonga ardhi.

"Umeamka salama, dada?" Jirani yake alikuwa fundi seremala, mtu wa makamo. "Mlima tumeupita zamani. Ulikuwa wazi kabisa."

"Mbona hukuniamsha?"

"Nilikugusa bega. Ukaniambia, 'Subiri zamu yako.' Nikasubiri."

Dirisha hakuwa na nguvu hata ya kuona aibu. "Shimo lipo?"

"Lipo. Dogo, kama kitovu cha mtoto. Nimeliona juu ya kichwa chako, samahani."

Kwenye ukumbi wa mizigo alisimama na simu mkononi, shavu moja bado lina alama ya dirisha. Kudanganya kungekuwa rahisi. Mlima ule alikuwa ameusimulia mara elfu. Akapiga.

"Shikamoo, baba. Nililala."

Alisikia mzee akijigeuza kitandani.

"Marahaba. Ulilala njia nzima?"

"Kama gogo. Jirani ndiye aliyeona. Anasema shimo lipo, kama kitovu."

"Kitovu," mzee akarudia, akacheka taratibu mpaka kikohozi kikamkatiza. Kisha akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Mawingu hayakuwepo. Kila alfajiri kilele kilikuwa wazi, wenzangu wakiniambia. Ila alfajiri ndipo nilipokuwa naegesha lori nilale. Nilikuwa nasema, kesho nitaamka nikione."

"Miaka thelathini, baba?"

"Kesho zilikuwa nyingi. Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza."

Siku ya kurudi, msichana wa kaunta alimuuliza, "Dirisha au njia?"

"Popote panapolalika," akasema.