Ruhusa ya Msiba

Nilimuua shangazi yangu Jumanne, saa nne asubuhi, kando ya mashine ya kupigia pasi mashuka. Sikuwa nimepanga kumuua yeye. Nilichotaka ni siku moja tu ya mapumziko, na pale kazini siku hazikuwa zinatolewa hivi hivi.

Nilikuwa mpiga pasi katika kiwanda kikubwa cha udobi jijini, kile kinachofua mashuka, taulo na foronya za hoteli. Msimamizi wetu tulimwita Mama Pasi, kwa sababu akikupitia mara moja huna mkunjo unaobaki. Msimu wa wageni ukifika, likizo zote husimama. Ukitaka kuondoka, njia ni mbili: uugue mwenyewe na uje na barua ya daktari, au ufiwe na mzazi, mlezi, mwenzi au mtoto. Ukifiwa unapewa siku tatu. Mume sina, mtoto sina, na wazazi wangu walikufa kweli nilipokuwa na miaka sita. Kwenye orodha yote alibaki mtu mmoja, dada yake baba, aliyenilea. Nikamtaja.

Na ubaya zaidi ni kwamba siku yenyewe nilikuwa naiomba kwa ajili yake. Tangu nipate kazi nilimwahidi kumpeleka kwenye mji wa ufukweni, mwendo wa saa moja kwa treni kutoka kwetu. Saa moja! Na kwa miaka kumi na moja sikuipata. Mwaka huu goti lake lilianza kugoma, akawa anashuka ngazi za jengo letu akiwa amekaa, kidato kimoja baada ya kingine. Jumapili aliniambia, wala hakuwa na lawama, "Mwanangu, bahari haina haraka. Mwenye haraka ni hili goti." Siku mbili nzima maneno hayo hayakunitoka kichwani.

Nilitegemea Mama Pasi anitazame kwa jicho lile la kutafuta madoa. Badala yake alizima mashine. Mashine ile haizimwi hata mtu akiungua. Akanishika mikono yote miwili, akaniuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, maana nilimweleza. Nilisema shangazi alilala chini miaka minne ili mimi nilale kitandani. Nilisema alikuwa anarudi alfajiri kutoka kusafisha wodi za hospitali, ananisuka nywele za shule huku macho yamefumba kwa usingizi, na mistari inatoka imenyooka. Yote kweli tupu. Machozi yakanitoka na wenzangu wakalia pamoja nami. Mama Pasi aliingia ofisini, akarudi na hankachifu sita nyeupe alizozipiga pasi mwenyewe. "Utazihitaji," akasema. Niliondoka na siku zangu tatu, nikitamani mtu anizabe kibao.

Kesho yake shangazi alikuwa mlangoni mapema, kofia kichwani.

"Kazini wamekuruhusu?"

"Wameniruhusu, shangazi."

"Watu wema hao. Wafikishie salamu zangu."

Nikainama kutafuta viatu, na viatu nilikuwa nimeshavivaa.

Mji wenyewe ni wa watu wasio na papara. Ukitoka kituoni unaiona bahari mwisho wa barabara, na hakuna anayekimbilia chochote. Kinyozi alikuwa amelala kwenye kiti cha wateja, mlango wazi. Duka la dawa lilikuwa na kibao kilichoandikwa *Nimetoka kidogo*. Tulipomuuliza mama wa jirani kama mwenye duka atachelewa, alijibu, "Si amesema kidogo?" akaendelea kumwagilia maua yake. Sisi wa jijini tunajulikana kwa miguu. Mzee anayekodisha viti ufukweni aliniona ninavyomkokota shangazi, akacheka.

"Dada, taratibu. Maji hayafungwi saa kumi."

Lakini mimi sikutulia. Simu yangu nilikuwa nimeizima tangu kwenye treni. Kila mwanamke mnene aliyepita na mkoba nilimwona Mama Pasi. Niliketi mahali pazuri kuliko pote nilipowahi kuketi, na nikawa nahesabu saa za kurudi nyumbani.

Shangazi alivua viatu, akaweka miguu majini, akachovya kidole akakilamba. "Kweli ni chumvi," akasema. "Miaka yote nilijua watu wanatia chumvi tu." Akajichekea mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono nimpe kitu cha kujifutia, na kwenye mkoba hapakuwa na kingine ila zile hankachifu. Akaigeuza ile niliyompa, akaitazama pembe zake.

"Umezipata wapi nzuri hivi?"

"Kazini."

"Basi kazini kuna mtu anakupenda. Hii siyo pasi ya kulipwa."

Nilisema naenda kununua aiskrimu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia.

Niliporudi na aiskrimu mbili mkononi, shangazi alikuwa na simu yake sikioni. Nilikuwa bado hatua kumi nilipomsikia akisema, "Asante, ndugu yangu. Tumepoa." Nikajua ni nani aliyepiga. Miaka kumi na moja nyuma, siku niliyoajiriwa, nilijaza fomu yenye swali la nani apigiwe ikitokea dharura. Niliandika nambari ya shangazi. Mahali pa jina niliandika "nyumbani". Simu yangu ilikuwa imezimwa, kwa hiyo Mama Pasi alipiga nyumbani, na nyumbani palikuwa pamekaa kwenye kiti cha kukodi na miguu majini.

"Mimi? Mimi ni jirani tu," shangazi alikuwa anasema, macho yake kwangu. "Ndiyo, marehemu nilimfahamu sana... Hapana, hakuteseka... Amesema hivyo? Ya kitanda?" Akaihamishia simu sikio la pili. "Na ya nywele pia? Mbele ya watu wote?... Haya mama. Nitamwambia ale."

Alikata simu, akakipangusa kioo chake kwa hankachifu.

"Huyo mama amelia," akasema.

"Shangazi, mimi..."

"Aiskrimu inayeyuka. Nipe yangu."

Akaila. Yangu ilinitiririkia mpaka kiwikoni.

"Nilikufa na nini?"

"Presha."

"Presha! Mimi sina presha hata kidogo. Nina goti."

"Goti haliui, shangazi."

Aliangua kicheko mpaka kofia ikaanguka, nami nikacheka, nikidhani nimesamehewa. Kisha akaiokota, akaiweka mapajani.

"Ya kitanda sikujua kama unaikumbuka," akasema. "Ulikuwa mdogo. Hujawahi kuitaja hata siku moja. Kumbe mpaka nife."

Nikataka kusema kitu, akanizuia kwa mkono.

"Na siku nikifa kweli? Sina mwingine wa kunizika, unajua. Utakwenda kwa yule mama useme nini? Kwenye faili lake nimeshakufa. Ruhusa yangu tumeshaila hapa, pamoja na aiskrimu."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anauliza kama mtu anayetaka kujua treni inaondoka saa ngapi. Tulikaa mpaka mzee akaja kuchukua viti vyake, na njia nzima nilimshika mkono kama nilivyoushika nikiwa na miaka sita, wala hakuutoa.

Siku mbili za msiba zilikuwa bado zangu. Alhamisi asubuhi nilikwenda kazini na hankachifu tano zilizofuliwa na kupigwa pasi. Ya sita shangazi alikataa kuirudisha. Nikasimama kando ya mashine, nikasema yote bila kuzunguka. Safari hii Mama Pasi hakuizima.

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Na yule jirani niliyeongea naye?"

"Ndiye yeye mwenyewe."

Alipitisha shuka zima kabla ya kusema tena. "Mama yangu alikufa msimu kama huu," akasema. "Hoteli zilijaa. Sikuomba ruhusa, niliona haya. Juzi nilipokuuliza alikuwa mtu wa namna gani, nilikuwa namuulizia na wangu." Hakunipa nafasi ya kusema pole. Akafungua faili, akakata neno *marehemu* kwa mstari mmoja ulionyooka, kisha akanipa karatasi ya kuachishwa kazi nitie sahihi. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Shangazi nilimkuta kwenye ngazi, amekaa kidato cha katikati, anashuka kwenda kuota jua.

"Mbona mapema?"

"Wamenifukuza."

Alisogea pembeni nikapata pa kukaa. Majirani wawili walipita, tukawapisha magoti.

"Basi hapo sawa," akasema. "Sasa naweza kufa siku yoyote, na wewe utakuwa na nafasi."

Nikacheka, na katikati ya kicheko nikashindwa. Nililia pale pale kwenye ngazi, na nikalia kweli. Nilimwomba msamaha kwa kumuua, na kwa miaka kumi na moja ya saa moja ya treni. Nikamwambia jinsi nilivyokuwa najifanya nimelala ili nimwone anavyotandika mkeka sakafuni, na jinsi nilivyohisi vidole vyake kichwani wakati macho yake yamefumba. Kila kitu nilichowapa watu wa kazini, nikampa mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika goti.

"Rudia ile ya kitanda," akasema.