Faili Moja Tu

"Faili moja, mama. Siyo nne. Mfumo haupokei nne."

Ilikuwa mara ya tatu karani wa ofisi ya fidia kumrudisha Mama Pacha. Akavuka barabara hadi duka la kuchapa, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, wa kushoto umeshika flashi. Ndani yake mlikuwa na ripoti ya daktari na barua tatu za wenzake wa kiwanda cha magodoro. Barua zilisema waziwazi: kinga ya mashine ya kukatia iliondolewa na msimamizi mwenyewe ili kazi iende mbio. Kiwanda kilishikilia kwamba vidole vyake vitatu vilikatwa kwa uzembe wake. Eti uzembe. Walioandika walikuwa bado na kazi pale, na yeye alikuwa amewaapia kwamba majina yao hayatafika kiwandani.

Mchapaji alikwisha kufungua tovuti ya kuunganisha PDF bure.

"Hapo zinakwenda wapi?" Mama Pacha akauliza.

"Zinapanda mtandaoni, zinaungana, zinashuka."

"Zikiwa huko nani anaziona?"

"Nitajuaje, mama? Ni kompyuta za watu."

"Basi usizipandishe, mwanangu. Hayo ni majina ya watu."

"Una siri kuliko serikali wewe," mchapaji akamtania. Lakini hakuwa na roho mbaya. Akachomoa waya wa intaneti, akafungua programu iliyokuwa ndani ya kompyuta yenyewe, akaziunganisha humo humo. Kisha akafuta nakala zote mbele ya macho yake. Mama Pacha akatoka roho kwatu. Tangu ajali, hiyo ndiyo siku ya kwanza aliyojiona mjanja.

Karani akaipokea flashi, akabonyeza mara mbili.

"Tayari. Nakala imekwenda kwa mwajiri wako."

"Nakala ya nini?"

"Ya faili. Sheria inataka aione ripoti ya daktari."

"Ripoti sawa, baba. Na barua?"

"Si zimo humo humo? Faili ni moja."

"Lakini nyinyi ndio mliozikataa nne."

"Mfumo ndio uliozikataa. Anayefuata."

Alipofika kiwandani mbio ili awaonye, mashahidi wake watatu walikwisha kutolewa nje ya geti. Hakuna aliyemsalimu. Akataka kuwaeleza habari za ule waya, jinsi ulivyochomolewa, akaona aibu.

Msimamizi akatoka na karatasi tatu. "Anayetaka kurudi kazini asaini hapa kwamba barua ile ilikuwa ya uongo. Asiyetaka, njia hiyo."

Shoga yake, aliyeandika barua ya kwanza, akachukua karatasi na kalamu. Akaangaza huku na huko akitafuta pa kuegemeza. Ukuta ulikuwa wa mabati ya migongo.

"Inama kidogo, dada," akamwambia Mama Pacha.

Mama Pacha akainama. Wakasaini mgongoni mwake, mmoja baada ya mwingine.