Mkojo Umenikana

Sheryl, mtaalamu wa lishe kliniki, aliniuliza maswali yake saba kama kawaida, nami nikayajibu kweli tupu. Chapati? Sijaigusa tangu mwaka juzi. Mandazi? Hata harufu yake naikimbia. Nikapata alama za juu kabisa. Ndipo akachovya kikaratasi cha kupima ngano kwenye mkojo wangu, akanionyesha mistari miwili.

"Umekula ngano, Adero. Jana ama juzi."

Niliogopa. Mimi si mtu wa kuogopa. Muulize yeyote wa Kaloleni niliyewahi kugombana naye. Lakini nilikuwa na mimba ya miezi minne, na mbili zilikuwa zimetoka kabla yake. Utumbo wangu haupatani na ngano, hata chembe, na Sheryl alishanionya kwamba ikiendelea kuingia, hii ya tatu nayo iko hatarini.

"Sidanganyi," nikamwambia.

"Sijasema unadanganya. Tafuta mahali inapitia."

Nikarudi nyumbani nikiogopa kila tonge. Nilikula nini mimi? Samaki wa kuchemsha na ugali wa mahindi, mtama na muhogo, vyote nilivipeleka kusaga mwenyewe. Jikoni mwangu hakuingia mtu. Wa mwisho kuingia alikuwa mama mkwe, mwaka jana, na mimba ya pili ilipotoka nikamfukuza. Nilimwambia mbele ya majirani kwamba amenilisha ngano makusudi. Alifunga leso yake akarudi kwake Ahero. Tangu siku hiyo mume wangu, Ooko, hanitanii tena.

Jumamosi nikaenda kusaga. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amemaliza kusaga unga wa uji wa watoto wake. Dalmas, mwenye mashine, akamimina debe langu. Mashine iliponyamaza, nikachukua fimbo nikaupiga ule mfuko mrefu wa kitambaa unaotoa unga, pa, pa, pa, kama kila Jumamosi. Kila mama mwerevu huupiga. Usipoupiga, unga wako unabaki kwenye kitambaa na anayekufuata anafaidi.

Dalmas akacheka. "Wewe piga tu, Mama. Leo umebeba mpaka ya yule ametoka. Ngano yake na soya ziko hapo ndani."

Fimbo ikaniponyoka.

Miaka miwili nimekuwa nikiupiga mfuko ule, nikijisifu kwamba hakuna wa kunipunja hata kijiko. Nilimwachia Dalmas unga wote, nikaondoka huku akiniita. Nikasimama kando ya barabara, mkono tumboni, nikisikiliza kama mtoto atacheza. Sheryl alisema bado ni mapema kumsikia. Nilisikiliza vivyo hivyo, na sikusikia kitu.

Nikampigia mama mkwe. Nilikuwa nikiandaa maneno ya kuomba msamaha, lakini alipokea simu kabla sijayapanga vizuri.

"Adero," akasema, na sauti yake iliogopa kuliko yangu. "Ooko aliniambia uko na mimba. Imetoka?"

"Bado, Mama. Lakini ile ya mwaka jana haikuwa wewe. Ngano nilijiletea mwenyewe, kwa mkono wangu."

Nikamsikia analia, naye hakuwa amelia hata siku ile niliyomfukuza.