Kabla Pakiti Hazijatoa Jasho

Mtunza chanjo wetu aliitwa Mbili-Nane, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimwamkia asubuhi anakujibu akiwa amepiga magoti mbele ya jokofu, macho kwenye kipimajoto. Nyuzi mbili hadi nane. Si moja, si tisa. Wahudumu walimtania kwamba hata mke wake alimpima joto kabla ya kumposa. Mimi nilimwita Baba, naye akaniita mwanangu tangu siku niliporipoti kituoni na cheti changu cha uuguzi ndani ya bahasha mpya.

Siku niliyokosea hakuwepo. Alimpeleka mkewe hospitali kubwa, funguo za chumba cha chanjo akaniachia mimi.

"Pakiti za barafu usizitoe kwenye friza ukazipakia papo hapo," aliniambia akiwa ameshafika mlangoni. "Zipange mezani. Zikitoa jasho, ukizitikisa ukasikia maji yanacheza ndani, hapo ziko tayari. Usiende nazo mbio."

Niliyajua hayo. Niliyajibu kwenye mtihani nikapata alama zote.

Saa mbili asubuhi dereva akaanza kupiga honi. Tulikuwa tunakwenda machimboni, kwa waponda kokoto, mwendo wa saa mbili na nusu kwenye barabara ya vumbi. Kifaduro kilikuwa kimeingia huko. Watoto wawili walishazikwa.

"Sista, leo tunasafiri au tunahama?" dereva aliuliza dirishani. "Jua likipanda, hilo boksi lako litakuwa supu."

Nikazigusa pakiti. Zilikuwa kavu na ngumu kama matofali. Nje jua lilishawaka. Niliwaza kina mama waliokwisha kupanga foleni, nikawaza joto, maana chuoni tulitishwa na joto kuliko kitu kingine chochote. Nikajiambia kwamba baridi ikizidi, chanjo itakuwa salama zaidi. Nikazifuta kwa taulo, nikazipanga kuvizunguka vichupa, nikafunga mfuniko.

Tulichanja watoto thelathini na wanane katika darasa lisilo na dari. Wa mwisho walikuwa mapacha wa miezi mitatu, wa kiume na wa kike. Mama yao alikuja na vumbi la mawe kwenye nyusi.

"Mama mkwe hajui niko hapa," alininong'oneza. "Anasema mnatufanyia majaribio. Nimemwambia nakwenda kuchota maji."

"Mwambie foleni ya maji leo ilikuwa ndefu," nikamjibu.

Akacheka, akampakata wa kwanza, akanifunulia paja la mtoto.

Kila kichupa kina alama ndogo ya mraba ambayo hubadilika rangi chanjo ikipata joto. Zote zilikuwa safi. Kwenye ripoti nikaandika: hali nzuri. Nililala usingizi mzuri usiku ule, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kesho yake Mbili-Nane akarudi kazini. Alifungua boksi, akatoa vichupa vitatu vilivyobaki bila kufunguliwa, akavitazama kwa muda.

"Pakiti zilikaa mezani muda gani?"

"Nilizifuta vizuri."

"Nimekuuliza muda, mwanangu."

"Hazikukaa, Baba."

Hakunigombeza. Alichukua kichupa kingine cha toleo lilelile kutoka jokofuni, akakichora msalaba kwa kalamu, akakilaza kwenye friza mpaka asubuhi ili kigande makusudi. Kilipoyeyuka, akakitikisa pamoja na vile vyangu vitatu na kimoja kizima ambacho hakikuwahi kuganda, akavisimamisha vyote mezani karibu na dirisha. Tukakaa kuvitazama.

Kichupa kizima kilibaki cheupe kama maji ya mchele. Kile cha msalaba kikaanza kutengana, unga ukashuka chini, maji yakabaki juu. Robo saa haikuisha, vyangu vyote vitatu vilikuwa hivyo hivyo.

"Lakini alama ilikuwa safi," nikasema.

"Alama inakupa habari za joto tu. Baridi haiijui."

"Itawadhuru?"

"Haitawadhuru. Na haitawalinda. Umewachoma bure."

Mkuu wa kituo alitusikiliza huku akikunja na kukunjua kikaratasi. Alikuwa mtu mwema, naye alikuwa amechoka kama sisi. "Baada ya wiki nne wanapata dozi ya pili," akasema. "Hiyo tuihesabu ya kwanza. Mkienda kutangaza kwamba mlikosea, hamtamwona mama hata mmoja tena."

Sitadanganya, maneno yake yalinipoza. Kwa kitambo nilitamani iwe hivyo. Lakini nikakumbuka kadi thelathini na nane zenye sahihi yangu, zimehifadhiwa chini ya magodoro huko machimboni, na watoto wanaolazwa kando ya wenzao wanaokohoa kwa sababu kadi inasema wamechanjwa.

"Nitakwenda kuwaambia mwenyewe," nikasema.

"Tutakwenda," akasema Mbili-Nane.

Jumatatu tulizisubiri pakiti mpaka zikatoa jasho. Dereva hakupiga honi. Darasani nilisimama mbele ya kina mama, nikaeleza yote bila kuficha: kwamba chanjo iliganda, kwamba niliyeigandisha ni mimi, kwamba watoto wanahitaji kuchomwa upya.

"Kwa hiyo yale machozi yote yalikuwa ya bure?" aliuliza mmoja.

"Ndiyo, mama."

"Na homa ya usiku kucha?"

"Nayo pia."

"Wewe una mtoto?"

"Sina."

"Inaonekana."

Wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Wengine waliinuka, wakabeba wanao wakaondoka. Ndipo mama mmoja mnene, aliyekaa mbele, akamfungua wake mgongoni. "Huyu angalau kasema," akawaambia wenzake. "Muuza duka wetu hajawahi kuniambia kwamba unga wake una wadudu. Nichomee huyu, nina kokoto za kuponda."

Hadi mchana tulipata ishirini na mmoja. Waliobaki tukawafuata majumbani, boksi begani kwa Mbili-Nane. Wengine walikubali. Baba mmoja alitufungia mlango kabla hatujamaliza salamu. Familia mbili zilikuwa zimehamia machimbo mengine, na majirani hawakujua ni yapi.

Kwa mapacha tulimkuta bibi yao kizingitini, nyundo mkononi.

"Ndiye huyu aliyewachoma maji?" akamuuliza mkwewe. "Nilikwambia mimi. Nilikwambia au sikukwambia?"

"Ulisema, mama."

"Na ukaniaga unakwenda kisimani."

Mama mapacha alikuwa amewabeba wote wawili, mmoja kila mkono. Nilimweleza, polepole, nilivyowaeleza wengine. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamweka binti kwenye mapaja ya bibi yake, akanisogezea wa kiume.

"Mchome huyu."

"Na dada yake?"

"Namwacha."

"Mama, tafadhali, wote wawili..."

"Sista, wiki iliyopita nilikuletea wote. Leo ukikosea tena, nibaki na mmoja."

Nikataka kumwambia kwamba aliyeachwa ndiye aliye hatarini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa.

"Hayo unayasema wewe. Na juzi ulikuwa unasema."

Mbili-Nane alichuchumaa mbele yake. "Binti yangu, Alhamisi tutapita tena. Tukipita, utatupa na huyu?"

"Nitaangalia kwanza huyu ataamkaje."

Nikamchoma wa kiume. Akalia, na dada yake aliposikia akalia naye, ingawa hakuna aliyemgusa. Mama yao akachomoa uzi kwenye pindo la shuka, akaufunga kwenye kifundo cha mkono wa yule aliyechanjwa.

"Wanavaa sawa," akasema bila kunitazama. "Nanyi ni watu wa kuchanganya."

Nikajaza kadi moja. Ya pili nikafuta sahihi yangu, nikaandika tarehe ya Alhamisi kwa penseli, nikamrudishia. Mbili-Nane akalinyanyua boksi. Zilibaki nyumba saba, na ya kwanza, tulipoifikia, ilikuwa imefungwa kwa ndani.