Matangazo ya Marehemu

Fundi alipofariki, watu wote walipata habari isipokuwa kompyuta yake.

Majirani walikuja, wakalia, wakarudi makwao. Wateja waliomwachia redio zao walingoja msiba upoe ndipo wakaja kuzichukua, nyingine zikiwa bado zimepasuliwa matumbo. Lakini kompyuta, pale sebuleni juu ya kimeza kilichopakana na cherehani ya mkewe, iliendelea kumngoja kana kwamba katoka mara moja kununua kiberiti.

Mkewe, mshonaji wa nguo za kike, alilitambua hilo siku alipoifungua kumtafutia mteja mtindo wa gauni. Pembeni mwa picha za magauni palikuwa na tangazo la koleo zenye ncha nyembamba. Chini yake, viatu vya mpira vya mtu mwenye mguu mpana. Chini zaidi, dawa ya kuotesha nywele. Hapo alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakakataa kwisha. Fundi alikuwa na upara unaong'aa kama sufuria mpya, na maisha yake yote aliapa kwamba haumsumbui. Kumbe!

Tangu hapo ikawa mazoea. Asubuhi, kabla ya kutia uzi kwenye sindano, alifungua kile kivinjari ambacho mumewe alikiita "dirisha la umbea", akatazama leo kaletewa nini. Spika. Risasi ya kulehemu nyaya. Redio za zamani zenye kasha la mbao. "Umeamkaje, mzee?" alimuuliza kimoyomoyo, kisha akaanza kazi. Ilikuwa kama kuishi na mtu mnayepishana naye tu ndani ya nyumba: humwoni, lakini kikombe chake unakikuta bado kina joto.

Akagundua pia kwamba matangazo ni kama kuku, usipoyatupia punje huhamia kwa jirani. Kuna wakati alizidiwa na kazi ya sare za shule, hakugusa kompyuta isipokuwa kuulizia bei ya vitambaa. Aliporudi, koleo zimetoweka na mahali pake pamejaa mapazia. Akakaa, akaandika kwa kidole kimoja maneno aliyozoea kuyasikia kinywani mwa Fundi: waya wa shaba, transista, betri kubwa. Kesho yake koleo zikarudi. Siku ile alishona huku akiimba.

Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba mjane mzima anachumbiwa na matangazo?

Alichokikosa hasa zilikuwa zile jioni zao. Fundi alikaa kwenye kompyuta, yeye kwenye cherehani, migongo yao ikikaribia kugusana. Mume alimsomea habari za dunia kwa sauti. Zisipompendeza alizirekebisha mwenyewe, mafuriko yakawa manyunyu, timu iliyofungwa ikatoka sare. Na kila ukurasa ulipomzuia mlangoni kwa maandishi marefu, alibonyeza "Nakubali" bila kupepesa macho.

"Umekubali nini tena?" mkewe alimuuliza jioni moja, pini zikiwa mdomoni.

"Sijui. Wameomba kwa adabu."

"Siku moja utakubali kuoa mke wa pili."

"Basi nitatafuta kitufe cha kumwacha. Hapa hakikosekani kitu." Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake ya kufundisha watu wasioomba kufundishwa: "Sikiliza, mke wangu. Ukifika kwa watu wakakwambia vua viatu, unavua. Huanzi kuuliza viatu vitapelekwa wapi."

Kisha asubuhi moja ikaja simu, mshonaji akiwa amepiga magoti anampima mteja urefu wa sketi. Ilikuwa sauti ya msichana, laini, imekunjwa vizuri kama nguo ya dukani. Alimtaja Fundi kwa majina yake yote matatu, akaomba kuongea naye.

Hilo halikumshangaza mshonaji. Simu ya Fundi siku zote ilikuwa mezani imefunguliwa, ikingoja kutengenezwa na mwenyewe, ndiyo maana kila alipoulizwa namba alitoa ya mkewe.

"Hayupo," akasema. "Unataka nini?"

"Tuna dawa mpya ya moyo, mama, na punguzo maalumu kwa watu waliokwisha kuonyesha kwamba wanahitaji. Yeye alifuatilia sana mambo ya maumivu ya kifua. Tunapenda kujua anaendeleaje."

"Alifuatilia lini?"

Vikasikika vidole vikibofya. "Hapa inaonyesha alianza mwaka juzi, mama."

Mwaka juzi! Fundi alianguka mwaka jana, ghafla, akiwa amesimama mlangoni anaagana na mteja. Daktari alisema moyo. Watu wakasema ni kazi ya Mungu, haikupiga hodi. Kumbe ilipiga, tena muda mrefu, na kuna watu wameisikia.

"Mume wangu alikufa," akasema mshonaji.

Msichana hakuwa ameandikiwa la kujibu hapo. Aliguna, akasema, "Pole sana, mama yangu," na safari hii sauti ilikuwa ya mtu. Simu ikakatika. Mshonaji alibaki magotini, tepu mkononi, mpaka mteja akamshika bega.

Binti yake alikuja Jumamosi, moja kwa moja kutoka zamu, na viatu vyake vyeupe vya unesi. Alisikiliza habari yote bila kukaa. Kisha akavuta kiti cha baba yake, akaifungua kompyuta, akaenda mahali ambapo mama hakujua kama papo, panapowekwa kumbukumbu ya kila kitu kilichowahi kuulizwa.

Vyote vilikuwepo. Maumivu ya kifua upande wa kushoto. Kuishiwa pumzi ukipanda ngazi. Je, tangawizi inazibua mishipa? Pale palipoahidiwa ushauri wa bure, Fundi alikuwa amejaza jina, umri na namba ya simu. Katikati ya hayo, swali moja lilikaa peke yake: namna ya kumwambia mke habari ya ugonjwa bila kumtisha.

Nesi akaufunika uso kwa mikono.

"Mimi ni nesi, mama. Nesi! Watu baki wananisimamisha barabarani wanionyeshe majipu yao. Baba yangu mzazi anaumwa moyo, anakwenda kuuliza kompyuta!"

"Baba yako unamjua," mama akasema taratibu. "Paa likivuja, aliweka ndoo kwanza, akakausha sakafu, ndipo anasema, 'Nadhani jana ilinyesha.' Hapa alikuwa bado anatafuta ndoo."

Akamwacha alie. Akaenda jikoni, akarudi na chai, akaikuta sura ya binti imebadilika. Huzuni ilikuwa imepata mtu wa kumkasirikia. Alikuwa amefungua ukurasa wa sera ya faragha, ule ambao Fundi hakuwahi kuusoma, na sasa akausoma kwa sauti.

"'Tunathamini faragha yako.' Haya. 'Tunaweza kukusanya taarifa kuhusu kurasa unazotembelea, mahali ulipo na mambo unayoyapenda, na kuzishiriki na washirika wetu tunaowaamini ili kukupa huduma bora zaidi.'"

"Washirika gani?"

"Hawatajwi, mama. Wamesema wapo wengi."

Mama aliweka kikombe chini. "Mimi nilishirikiana na baba yako tangu wewe hujawa hata wazo. Sikujua. Hao washirika wamejua. Wamejua kifua kinamuuma, wamekaa nacho mwaka mzima, wakawa wanamletea matangazo ya viatu. Na msibani sikumwona mshirika hata mmoja kubeba kiti."

Nesi alicheka bila kupenda, akajifuta pua. "Wala hawakuiba. Alikubali. Walimwandikia kurasa kumi na nne ambazo mwanasheria mwenyewe angesinzia, chini wakaweka 'Nakubali' kubwa kama mlango wa kanisa. 'Kataa' wameiandika kijivu, utadhani ni uchafu kwenye kioo." Akasogeza kiti. "Nafuta yote, mama. Na huku nazuia, wasichukue tena wala wasigawe."

"Ngoja."

"Ningoje nini?"

"Koleo zitaondoka?"

Binti alimgeukia, hakuelewa. Basi ikabidi mama aseme. Alianza kwa kuona haya, akizungusha kikombe, akamweleza habari za viatu vya mguu mpana na dawa ya upara, salamu za asubuhi, siku ile mapazia yalipojaa na alivyoandika transista kwa kidole kimoja ili kumrudisha. Alipomaliza, nesi hakuwa tena na haraka. Alimshika mama yake mkono.

"Zitaondoka," akasema. "Si mara moja, lakini zitaondoka. Nikiacha hivi zitabaki. Sema wewe, mama. Ni yenu."

Mshonaji akaitazama kompyuta. Pembeni palikuwa na redio ya mbao, nzuri kweli, na kando yake dawa ya moyo, punguzo maalumu. Alivyokuwa amezoea kutazama redio, dawa hakuwahi kuiona. Sasa aliona kwamba zinatoka mkono mmoja. Yule aliyekuwa akimletea kikombe chenye joto hakuwa mumewe. Alikuwa mchuuzi aliyechungulia dirishani.

"Nionyeshe hilo la kijivu," akasema.

Akakaa kwenye kiti cha Fundi, akalibonyeza mwenyewe. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza tena.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Pembeni ya magauni walipita wageni watupu: viwanja, bima, pipi za kupunguza unene. Asubuhi alikaa na sindano mkononi, hana wa kumsalimia, na nyumba ikawa kimya kuliko mwanzo. Alimlilia mumewe upya, na safari hii bila kicheko. Lakini jioni moja binti alipompigia kumjulia hali, alijisikia akisema kitu ambacho hakupanga kukisema.

"Vidole vinakufa ganzi, mwanangu. Vya mkono wa kulia. Juzi nimejichoma na sindano sikusikia."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo."

"Mama!"

"Si ndiyo nakwambia?"

Ndivyo walivyojikuta hospitali anakofanya kazi nesi, wamekaa kwenye benchi refu la mbao, wakingoja daktari wa mishipa ya fahamu. Foleni ilikuwa haisogei. Ili kupitisha muda binti akamwomba amsimulie jambo la baba ambalo hajawahi kulisikia.

Mama akafikiri. "Unajua nilikuwa mwanafunzi wa ushonaji kwenye duka la bibi mmoja mkali, mwenye redio. Redio ikaharibika, akaletwa kijana kuitengeneza. Akaitengeneza. Baada ya siku chache ikafa tena. Akaitwa tena. Ikafa tena. Bibi akawa anamtangaza mji mzima kwamba hajaona fundi mbovu kama yule."

"Baba? Fundi mbovu?"

"Alikuwa anaacha waya mmoja umelegea, makusudi, apate sababu ya kurudi. Hilo alikuja kunikiria mwenyewe tulipokwisha oana, akijiona mjanja." Mama akamsogelea sikioni, akapunguza sauti. "Ila kuna mara moja alikosea akaitengeneza vizuri. Siku zikapita, redio inaimba tu, mtu haji. Bibi alipotoka kwenda sokoni, nikaifungua kwa mkasi wa kukatia vitambaa, nikauchomoa ule waya."

"Wewe?"

"Mimi. Baba yako amekufa hajui."

Nesi alicheka kwa sauti mpaka benchi zima likageuka. Mhudumu akachungulia mlangoni kuona kuna nini, akawaita waingie.