Siku ya Mapacha kwa Bi Sikukuu

Mtaani walimwita Bi Sikukuu, naye jina hilo hakulikataa, maana lilimletea wateja. Kila mauzo ya keki yalipolegea, aliibuka na siku yake. Siku ya Mashemeji ilifana mno. Siku ya Soksi Isiyo na Mwenzake ilijaza duka watu wazima, kila mmoja na soksi yake moja mkononi, wakichekana. Siku ya Wanaochelewa Kuamka ilidoda, kwani wahusika walifika mlango umeshafungwa.

Safari hii alikuja na Siku ya Mapacha: wakija pamoja, wananunua keki moja na kupewa ya pili bure. Ikabaki tarehe. Alipoitupia macho kalenda ya ukutani, tarehe kumi na tisa ikamvuta, kana kwamba wanajuana. Akaona hiyo ni bahati yake. Akabandika tangazo dirishani, akalisambaza kwenye simu za ndugu na jamaa wote.

Siku ilipofika, duka lilichangamka. Walikuja wasichana waliogombania nani achague kwanza, wakaja wazee wawili waliofanana hadi upara. Nyuma yao, kwenye foleni, alisimama mama yake mzazi, peke yake, amevaa gauni lake la siku kubwa.

"Mama, umejisumbua bure. Ungesema, ningekuletea nyumbani."

"Leo si ya kuletewa." Mama akamshika shavu mbele za watu. "Mwaka huu niliogopa hata kumtaja pacha wangu, wasije wakasema mama huyu haishi kulia. Kumbe wewe unamkumbuka mama yako mdogo. Ukachagua siku ileile aliyotutoka."

Bi Sikukuu akaigeukia kalenda ya ukutani. Ndiyo maana tarehe ile ilimvuta. Yeye ndiye aliyekuwa kando ya kitanda hospitalini, na ndiye aliyempigia mama simu. Mama mdogo ndiye aliyemfundisha kupiga mayai mpaka yaumuke, akimtania kwamba ana mkono mzito. Leo amemgeuza tangazo la keki ya bure, tena bila hata kujua.

Angeweza kunyamaza, yakaisha. Lakini mama alikuwa akimwangalia kwa shukrani, na shukrani ile ilimchoma kuliko matusi. Akamvuta jikoni, nyuma ya magunia ya unga.

"Mama, sikukumbuka. Niliokota tarehe tu. Nilikuwa natafuta wateja."

Mama hakufoka. Alipitisha kidole juu ya meza yenye unga, akakifuta kwenye kitambaa.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nisamehe, mama."

"Tutaongea nyumbani. Ila hayo yaishie hapahapa jikoni. Nimeshampigia simu baba yako mdogo, nikamwambia ulichofanya. Yuko njiani."

Baba mdogo tangu azike mkewe alikuwa hatoki nyumbani ila kwa lazima. Leo alitoka. Shati alijipigia pasi mwenyewe, na kola ilimshinda. Alivua kofia mlangoni, akalisoma tangazo polepole, akalirudia. Kisha akaingia, akaushika mkono wa Bi Sikukuu kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu, nilidhani nimebaki kumkumbuka peke yangu."

Bi Sikukuu akamtafuta mama kwa macho. Mama alikuwa ameinamia kabati la keki, anajifanya kuchagua.

"Hapana, baba," alisema. "Tupo."

Baba mdogo akataka keki mbili, yake na ya shemeji yake, akatoa pochi. Zote atazilipia, alisema. Ya bure ni ya mapacha waliokuja pamoja. Bi Sikukuu akatazama zile noti. Akizikataa, itabidi aeleze. Akizipokea, atakuwa amemuuzia mzee wa watu msiba wake mwenyewe.

Alizipokea, akamrudishia chenji.